Salfa Kwenye Kiti cha Nduguye

Saa tisa na nusu alasiri mchanganyaji wa kiwanda cha nyuzi alirudi kutoka zamu, akavua viatu mlangoni, akasogeza boksi la chaki lililokuwa mezani ili apate pa kuweka bakuli lake la chakula. Mkewe, mwalimu wa kemia, alikuwa akisahihisha madaftari upande wa pili wa meza. Baadaye alipofungua boksi, chaki zote za upande ule alioushika mumewe zilikuwa za manjano. Za upande wa pili zilikuwa nyeupe kama kawaida.

Alikwenda jikoni na sahani mbili ndogo, akaweka chaki nyeupe katika moja na ya manjano katika nyingine, akazidondoshea siki. Nyeupe ilitoa povu lisilo na harufu, kama chaki ya chokaa inavyotakiwa. Ya manjano ilitoa povu na harufu ya yai bovu. Mwalimu alifungua dirisha, akakaa kwenye kigoda.

Somo hilo alilijua, alilifundisha kila mwaka. Kaboneti, ndiyo chokaa ya chaki, ni kaboni moja iliyokaa katikati, na oksijeni tatu zimeizunguka, kila moja kwenye kiti chake. Salfa ni ndugu wa oksijeni, wa safu moja, mnene kidogo tu. Ukimpa mwanya atakaa kwenye kiti cha nduguye na wenyeji wasiseme kitu. Kikichukuliwa kiti cha kwanza, nyumba inakuwa ya manjano; cha pili, rangi ya chungwa; na bado inasimama. Vikichukuliwa vyote vitatu, inakuwa nyekundu na inasimama pia, lakini ole wake atakayeigusa kwa asidi: itageuka mafuta mekundu, na mafuta hayo hayadumu. Huvunjika yakawa sumu mbili, moja ya kunuka yai bovu, na nyingine ni dawa ileile ambayo mumewe alishinda nayo kutwa.

Kiwandani walitengeneza nyuzi kutokana na mbao. Mbao zilisagwa, zikalowekwa kwenye soda kali, zikavunjwavunjwa kuwa chenga nyeupe, kisha zikatiwa pamoja na dawa hiyo ya kaboni na salfa ndani ya pipa la chuma linalozunguka. Baada ya saa mbili chenga ziligeuka rangi ya chungwa. Kanuni iliyobandikwa ukutani ilisema feni ivute hewa ya pipa kwa robo saa kabla ya kufungua kifuniko. Feni ilikuwa mbovu tangu zamani, na hata ilipokuwa nzima, robo saa ilionekana ndefu. Basi wachanganyaji walifungua mapema, mmoja akaingiza kichwa akatazama. Fundi wa kweli, walisema, hapimi kwa saa, anapima kwa jicho. Mume wa mwalimu aliwashinda wote, wakamwita Jicho, na mapipa yote tisa yalimngoja yeye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchanganyaji akisifiwa hutia kichwa.

"Hebu cheka," mwalimu alimwambia.

"Nicheke nini? Hujanichekesha."

"Nionyeshe meno, baba."

Alimwonyesha. Yalikuwa rangi ya ganda la chungwa, kuanzia ya mbele mpaka magego.

"Viwili," alisema mwalimu. "Kimebaki kiti kimoja."

"Mwalimu, hapa si darasani. Nipe chakula."

Alimpa, lakini hakumkamulia ndimu. Siku hiyohiyo alitoa ndimu zote na chupa ya siki, akazigawa kwa majirani. Meno na mifupa ina kaboneti yake, si nyingi, lakini ipo. Kilichomtisha zaidi kilikuwa tumbo. Ndimu unaweza kuigawa. Asidi ya tumboni kila mtu anatembea nayo.

Habari za tumbo alizipata kwa jirani. Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa mke wa mchanganyaji aliyeitwa Pipa la Nne. Pipa la Nne alikuwa na meno mekundu mdomo mzima alipouma mkate mkavu, jino likameguka, akameza kipande. Hiyo ilikuwa asubuhi. Mchana alikuwa mafuta. Kiwanda kilimrudisha kwa mkewe ndani ya chupa ya kahawia yenye kizibo cha kioo, pamoja na barua iliyosema amehamishwa idara. Mkewe alimweka kwenye friji, rafu ya chini, kwa sababu kwenye baridi anakaa siku nyingi.

"Anaendeleaje?" mwalimu alimuuliza walipokutana bombani.

"Amepungua kidogo," alisema jirani. "Jana nilisahau mlango wa friji wazi. Nimejilaumu weee, dada yangu."

Mwalimu alirudi nyumbani na ndoo nusu. Usingizi ulimpaa kwa siku tatu, na ya nne alichukua boksi lake la chaki akaenda kwa daktari wa kiwanda.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alipokea chaki ya manjano, akailinganisha na kadi ya rangi iliyoning'inia juu ya mizani. Kadi ilikuwa na nyeupe, manjano na chungwa. Chini ya kila rangi paliandikwa: anafaa kazi.

"Hii ni kimoja," alisema. "Ya kawaida kabisa."

"Hiyo ni chaki tu, daktari. Meno ya mume wangu ni viwili."

"Wengi wana viwili, mama. Asile vitu vichachu."

"Na nyekundu? Mbona kadi haina nyekundu?"

Daktari aliitazama kadi upya, kwa uangalifu, maana alikuwa mtu wa kazi yake. "Wa nyekundu hawaji kliniki," alisema, akamrudishia chaki.

Siku hiyo alimsubiri mumewe mlangoni, hakumwacha hata avue viatu. Alimwambia anaogopa. Alimwambia kwa maneno hayohayo, bila kemia, na akalia mbele ya binti yao wa miaka saba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwomba asiingize kichwa tena. Feni itengenezwe kwanza.

Jicho aliinama, akaanza kuvua viatu.

"Nikiacha mimi, ataingiza nani?" alisema. "Yule kijana wa pipa la sita haoni tofauti ya chungwa na embe. Ataharibu mzigo mzima."

"Uharibike!"

"Usiseme hivyo, mama. Ni kazi yangu."

Hata hivyo alikwenda kumwambia msimamizi, kwa sababu machozi ya mkewe yalimwingia. Msimamizi alisema feni imeagizwa. Kisha akamwomba afungue mdomo, akamtazama kwa makini, akapata wazo.

Tangu siku ile Jicho hakuingiza kichwa. Alisimama katikati ya chumba, kichwa wazi, mdomo umefunguliwa kuelekea dirishani. Wachanganyaji wengine tisa walifungua mapipa tisa mapema, kila mmoja akaingiza kichwa chake, akatoa, akaangalia meno ya Jicho kulinganisha rangi, akarudisha kichwa ndani. Kwa siku nane mzigo haukuharibika hata mara moja. Wote walisifiwa. Siku ya tisa mzigo ulitoka umeiva kupita kiasi, kwa sababu meno waliyokuwa wakilinganishia yalikuwa yamekuwa mekundu, na msimamizi akamwambia Jicho akapumzike nyumbani kidogo.

Alirudi saa nne asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mwalimu na binti walikuwa wakiosha vyombo. Aliwasalimia bila kutabasamu, akaenda kulala chali, midomo ameifumba. Mwalimu alimsikia akimeza mate polepole, kwa hadhari, kama mtu anayevuka daraja bovu.

Alifungua kabati, akatoa chupa ya kahawia aliyopewa na jirani siku ile ya ndoo nusu, maana kiwanda kilimletea jirani mbili, moja ya akiba. Aliisugua kwa brashi, akaisuuza mara tatu kama anavyowafundisha wanafunzi, akaigeuza mdomo chini juu ya kitambaa ikauke. Kisha alipanga upya friji, akaacha nafasi kwenye rafu ya chini.

"Hiyo ya nani, mama?" aliuliza binti.

"Ya baba."

Binti alifikiri. Yeye ndiye aliyezipokea nguo za baba kila siku mlangoni, akazikumbatia hadi kwenye beseni. Alitia kidole mdomoni, akalitikisa jino la mbele lililokuwa likilegea tangu wiki ile, likatoka bila damu nyingi. Alilisafisha kwa gauni lake, akaliweka kwenye kiganja cha mama yake.

Lilikuwa la manjano.

Mwalimu alilishika mpaka likapata joto la mkono wake. Huko chumbani mumewe alimeza mate tena. Kiwandani king'ora cha mzigo mpya kililia, mapipa yakaanza kuzunguka.

Alifungua tena kabati, akatafuta nyuma ya vikombe, akatoa chupa nyingine, ndogo, akaanza kuisugua.