Upande Wako wa Mtaro

Kathambi alipiga magoti kando ya ukuta wa nyumba yake, akapenyeza mkono chini ya msingi. Mwaka jana vidole viliingia kidogo tu vikakwama. Leo mkono ulizama hadi kwenye kiwiko, na huko ndani hapakuwa na kitu ila ubaridi wa kisima. Akautoa, akaupangusa tope kwa leso, akatazama huku na huku kama mtu aliyefumaniwa.

Nyumba ilikuwa ya udongo, iliyopigwa lipu ya simiti upande wa mbele. Mumewe aliijenga, akafa. Binti yao wa pekee, Kinya, alikuwa Timau kwenye shamba la maua, akipiga simu Jumapili akikumbuka. Ilikuwa nyumba ya mwisho kwenye mteremko wa soko lao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Githongo. Maji yote, kuanzia huko juu kwenye kiwanda cha kahawa, yalipita kwenye mtaro ulio hatua nne kutoka mlangoni kwake, ndipo yaingie kwenye kalavati, bomba pana la zege, na kuvuka chini ya lami. Ndivyo ilivyotakiwa. Huu ulikuwa mwaka wa pili kalavati imeziba.

Mwezi wa tisa msimamizi wa wadi, Gladwell, mwanamke kijana mwenye buti safi, aliita baraza. Alisema mtaro ni wa wote. Kila mkazi atasafisha sehemu inayopita mbele ya ploti yake, nayo kaunti itashughulikia kalavati. Watu walipiga makofi, maana lilikuwa neno la haki. Kisha akateremka na kopo la rangi nyeupe, akatia alama kwenye jiwe la kila mpaka.

Hakuna aliyekaidi. Lakini kutoa tope mtaroni na kulipandisha kwa toroli hadi jalalani ni kazi ya kuvunja mgongo, na watu wakapata njia. Walingoja mvua. Ilipoanza kunyesha, kila mtu alitoka na koleo, gunia kichwani, akalikoroga tope la upande wake na kulisukuma na mkondo mpaka lipite jiwe. Aliyekuwa chini yake akafanya vivyo hivyo. Baada ya nusu saa mtaro uling'aa kutoka juu hadi chini, na tope la soko zima, pamoja na chupa na maganda na nepi, likatua mbele ya Kathambi.

"Runji!" alimwita jirani wa juu yake, fundi wa baiskeli.

"Mimi nimemaliza changu, Mama Kinya. Hebu angalia. Hapo mtu anaweza kuandaliwa chakula."

"Chako kiko hapa kwangu."

"Kwani nilikibeba? Maji ndiyo yameleta. Wewe yashtaki maji." Alicheka, wala si kwa ubaya. "Na wewe si ndiye mtu wa barabara? Sisi tunajifunza tu."

Hilo lilikuwa kweli. Ujanani Kathambi alikuwa kibarua wa barabara kwa miaka sita, wakati serikali ilipoajiri wanavijiji kwa jembe na toroli. Kalavati ile aliibingirisha yeye na wanawake wengine saba, wakailaza juu ya changarawe nyekundu ya murramu, wakapima mwinamo wake kwa uzi na chupa ya maji. Saba hao wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, unakumbuka?

Alikwenda ofisini kwa Gladwell.

"Kalavati ni ya kaunti, cucu," Gladwell alimwambia, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Tafadhali usiiguse. Ni mali ya umma."

"Basi kaunti iizibue."

"Itazibua wananchi wakishamaliza sehemu yao. Hatuwezi kuanza kabla." Akageuza fomu ili Kathambi aione. "Ona, watu wote wamewekewa tiki. Sehemu moja tu ndiyo imebaki."

"Ya nani?"

"Yako."

"Nikitoa tope leo, kesho limejaa. Haliendi popote. Mdomo umeziba."

"Ndiyo maana nasema, cucu, tushirikiane. Lori nalo halina mafuta, nisikudanganye."

Jumatatu asubuhi Kathambi alikata mtungi wa plastiki upande mmoja, akafunga leso mbili magotini, akaingia kwenye kalavati kwa tumbo. Alikuwa na miaka sabini na moja. Alichota, akarudi kinyumenyume akiburuta mtungi, akaumwaga, akaingia tena. Kwa siku tatu watu waliopita barabarani waliona nyayo zake tu zikitokeza. Wengine walimpa pole. Mmoja alimwuliza kama amepoteza kuku. Runji alisimama kidogo, akasema kazi hiyo ni ya kaunti na asiwazoeze vibaya, akaenda zake.

Alhamisi saa nane mvua ilishuka. Kathambi alisimama mlangoni akitazama maji yakija mekundu, yakijaa, yakizunguka mbele yake kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kisha kalavati ikakohoa. Ikakohoa mara ya pili, ikayavuta yote. Alicheka peke yake kwa sauti, akampigia Kinya. Simu iliita hadi ikakatika. Kule wanakopakia maua hawaruhusiwi kuingia nazo. Akabaki ameishika.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na hadiwea ya Nyamu, duka la vifaa vya ujenzi. Zamani mkondo ulipita hapo kuelekea mtoni. Kalavati ilipoziba, Nyamu aliufukia mkondo, akajenga ghala juu yake, na hakuna aliyemwuliza kitu. Alhamisi hiyo maji yalitafuta njia yao ya zamani, yakaingia ghalani, yakaikuta mifuko ya simiti na kuiharibu.

Ijumaa saa tatu asubuhi lori la kaunti lilifika, limejaa mawe. Gladwell alishuka akiwa ameshika simu sikioni. Vijana wanne wakapanga mawe kwenye mdomo wa kalavati, wakayamwagia zege.

"Miaka miwili lori halikuwa na mafuta," Kathambi alisema.

"Hii ni dharura, cucu. Na ni ya muda tu, mpaka mpango upatikane. Halafu nilikukataza. Sikukukataza?"

Nyamu alivuka barabara, suruali imekunjwa hadi magotini. "Mama, sina ubaya na wewe. Lakini si ungeniuliza kwanza?"

"Ungenijibu nini?"

Nyamu alitazama zege lile jinsi lilivyokuwa likilainishwa kwa mwiko. "Ningekwambia ungoje," akasema.

Jioni Kinya alipiga. "Mami, toka hapo. Kuja hata kwangu."

"Chumba chako mnalala wangapi?"

Kinya alimtajia. Watatu, kwa zamu. Walizungumza juu ya baridi ya Timau, kisha salio likaisha.

Mvua ya Jumanne haikuwa kubwa kuliko nyingine. Juu, watu walikuwa nje na makoleo, wakiitana na kutaniana. Kathambi alikuwa jikoni, kibanda cha nyuma, akimenya ndizi. Hakusikia kishindo. Alisikia kitu kikikaa chini polepole, kama mtu mzito aliyechoka. Alipotoka, ukuta wa mbele haukuwapo. Kitanda chake, kimetandikwa vizuri, kilikuwa kikitazama barabara.

Majirani walikuja. Walimshika mkono mmoja mmoja, wakasema Mungu yupo, wakamsaidia kufunika kitanda kwa turubai. Asubuhi alikuja Gladwell.

"Pole sana, cucu. Pole kabisa. Nitaandika ripoti." Alipiga picha ya kitanda, akapiga picha ya mtaro. "Lakini huu udongo umezuia mtaro. Na uko upande wako."

"Ni nyumba yangu hiyo."

"Naelewa. Ukisimama ni nyumba. Ukiwa hapa ni kizuizi. Maji yakirudi nyuma yataingia kwa Runji, naye amefanya sehemu yake." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa jinsi ya kumeza dawa. "Nitakupa siku saba. Usiumwage barabarani tu, wala mtaroni kwa mwenzako."

Alipoondoka, Kathambi alichukua jembe. Donge la kwanza lilikuwa bado na lipu, na katika lipu msumari wa kalenda ulikuwa umesimama wima. Alilipakia kwenye karai, akasimama akitazama barabara, akatazama kwa Runji. Kisha akalibeba, akapita pale palipokuwa na ukuta, akalimwaga katikati ya chumba, kando ya kitanda. Akarudi kuchukua lingine.