Kigoda Kilichopanda Basi la Alhamisi

Mwalimu Stoyanka wa Gorno Rakevo, kijiji cha Bulgaria, alikuwa na njia moja tu ya kufundisha msamiati: andika neno la Kiingereza kwenye karatasi, libandike kwenye kitu chenyewe, ulisome kila unapopita. Albena, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kwenda kusoma Uingereza, alianza na kigoda cha jikoni. Alipolikariri neno lake barabara, kigoda kikatoka zake hadi kituoni, kikapanda basi la ng'ambo la Alhamisi.

"Kigoda chenu nimekiona," alisema jirani yao, mzee Kiro, akichoma pilipili uani. "Kimekaa dirishani."

"Kwani mlango kimefunga?" aliuliza Bibi Zlatka, nyanya yake Albena.

"Wapi! Kimeuacha wazi."

"Hakina adabu. Nilijua tu."

Zikafuata sufuria, kioo na meza. Nyumba nyingi za kijiji zilikuwa zimebaki kuta tupu kitambo, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Bibi naye hakuwa wa kuchezewa. Aliiba karatasi yenye neno la Kiingereza la jogoo, akambandika jogoo wa Kiro aliyemnyima usingizi miaka yote, kisha akamlazimisha Albena kulikariri neno lile mpaka limtoke ndotoni. Jogoo akaenda. Kiro akanuna juma zima, bibi akalala mpaka saa tatu.

Lakini Albena akafaulu mtihani, na kicheko kikamkauka bibi. Alikuwa amemlea tangu mama mtu alipopanda basi hilohilo, na hakutaka kubaki peke yake, basi. Akakata karatasi, akaandika kwa Kibulgaria, lugha ya nyumbani, herufi kubwa: MJUKUU. Asubuhi ya safari, Albena alipoinama kumbusu, akambandika mgongoni.

Ikafanya kazi. Mlangoni mwa basi miguu ya Albena ikagoma kabisa. Dereva akapiga honi.

"Wee dada, unapanda au tukuletee kahawa hapo?"

Albena akapapasa mgongo, akaibandua karatasi, akaisoma. Hakukasirika. Aliikunja vizuri, akamtia bibi mkononi.

"Neno hili nalijua tangu zamani, bibi," akasema, akapanda.

Bibi alikuwa akilia na hakujificha. "Kaa mbele!" akamfokea. "Nyuma utatapika!"

Jiko lao la kuni, ambalo neno lake Albena alilikariri jana yake na lililokuwa limeshawahi kiti cha mbele, likasogea kidogo kumpisha.