Mume Wangu Anaanza Blogu

Mkaguzi wa shule alipostaafu, alitangaza mezani kwamba angeanzisha blogu. Mambo aliyoyaona kazini, alisema, yasingekufa naye.

"Andika basi," alijibu mkewe, fundi cherehani, huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Utaandikaje kabla hujajua unaandikia wapi, mama watoto? Haraka haraka haina baraka."

Akamwita shemeji yake, muuza simu, aje amshauri. Shemeji akamweleza kuwa kuna majukwaa ya bure na ya kulipia. La bure akalikataa: lingebandika matangazo ya sabuni kando ya hekima yake. La kulipia akalikataa kwa kuwa ni la kulipia. La tatu herufi zake zilikuwa nyembamba, hazikumfaa mtu wa cheo. Akabandika jedwali ukutani, majukwaa kumi na moja, kila moja na alama zake. Yote yakaanguka.

Mwezi wa saba tangu astaafu, alikwenda kunyoa. Wateja wawili kwenye benchi walimtazama, wakainamia simu zao, mabega yakitikisika.

"Samahani, mzee," kinyozi alisema, "ni kweli lile la nane ulilikataa kwa sababu ya rangi ya zambarau?"

"Nani kakwambia?"

Kinyozi akampa simu. Blogu iliitwa *Mume Wangu Anaanza Blogu*. Ilikuwa na makala arobaini, na wasomaji elfu tatu walikuwa wakibishana kama atafika jukwaa la ishirini.

Alirudi nyumbani kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Umenianika, mama watoto."

"Si ulikuwa unatafuta wasomaji? Hao hapo."

Hasira alikuwa nayo, ila makala ya jedwali ilikuwa imemchekesha njiani, peke yake, kama mwehu.

"Umetumia jukwaa gani?"

"Sijui. Nilibonyeza la kwanza lililotokea." Akamsogezea simu. "Kama nimekuonea, andika ujitetee humo humo."

Aliandika siku tatu: *Utangulizi wa Jumla Kuhusu Suala Lililotajwa*. Akaiweka humo asubuhi; kufikia jioni maoni yalikuwa kumi na tisa. Yote yaliuliza kama mama anaumwa.

Aliyasoma moja moja, taratibu. Kisha akambebea mkewe kiti hadi dirishani kwenye mwanga, akaweka simu juu yake, akaenda kumalizia kunyoa.