Kivuli cha Mgrivea

"Umenivua nguo, Baba Goodness! Umenivua nguo mbele ya jua!"

"Mama Neema, mti ulikuwa upande wangu."

"Mti wako, kivuli changu! Miaka kumi na miwili!"

Uani palishajaa watu. Hapa kijijini Daa majembe hujiweka chini yenyewe majirani wakianza kugombana. Lukresia, ndiye Mama Neema, alikuwa Kansay kumzika shangazi yake, siku nne tu, na Hhando, huyo Baba Goodness, akauangusha mgrivea wa mpakani. Mahindi yake chini ya mti ule yalikuwa yamerefuka kama fimbo, majani ya njano, hayana kitu. Alitaka jua. Sasa walilipata wote wawili.

Mibuni arobaini ya Lukresia, ambayo ndiyo shamba lote aliloachiwa na marehemu mumewe, ilikuwa na majani yenye mabaka ya kahawia, kama shuka lililounguzwa kwa pasi.

Bwana shamba Lomayani akashuka kwenye pikipiki, akachuma jani, akalipitisha kwenye vidole. "Haya yalikulia kivulini, mama. Mapana, mepesi, ya kuvizia mwanga kidogo. Yakishakomaa hayabadiliki tena. Mti utayaangusha, utoe mengine madogo, manene, magumu. Hayo ndiyo yataliweza jua."

"Na matunda?"

"Yataanguka mengi. Mti hauwezi kulea majani mapya na matunda pamoja."

"Nimwagilie?"

Lomayani alitazama bomba kavu la kijiji, ambalo kuku walikuwa wamelala chini yake, akawasha pikipiki.

Wiki nne baadaye majani mapya yalitoka kweli, madogo kama masikio ya panya. Lukresia aliyabonyeza; magumu. Chini, matunda meusi yalilia chakacha alipokanyaga. Mvua ilikuwa haijanyesha hata siku moja.

Hhando akaja mpakani, kofia mkononi.

"Mahindi yangu yamejikunja kama sigara," akasema. "Mwanzoni yalikuwa yanajikunja mchana, jioni yanafunguka. Sasa hata asubuhi nayakuta vilevile."

Lukresia alikuwa amemwekea matusi ya mwezi mzima. Akayatafuta, hakuliona hata moja.

"Mama Goodness yuko?"

"Ameenda mnadani Karatu tangu alfajiri."

"Kwa hiyo umeshinda hivyo hivyo, hujala?"

Hhando akaangalia kofia yake.

"Makande yako jikoni," akasema Lukresia. "Nawa mikono, ingia ndani ule, kabla sijaukumbuka ule mti."