Nusu ya Mti

Mdogo wangu ameendesha jenereta ya hoteli tangu alipoota ndevu, na kisiwa kizima kinamwita Fundi Moto. Jenereta hiyo hiyo ndiyo inayotupa umeme majumbani. Ndiyo maana jioni ya gulio la Krismasi, hoteli inapowasha mti wake pale uani, kila nyumba huzima swichi kubwa, kwa sababu jenereta haiwezi kubeba mti na nyumba kwa pamoja. Utaratibu huo aliuweka yeye, mwaka ule umeme ulipokatika mbele ya wageni na kwaya ikabaki imeachama. Tangu hapo tunasimama uani kutazama nyumba zikizima moja baada ya nyingine, halafu mti unawaka. Tunafanya hivyo kila jioni mpaka mwaka mpya, kwa kitambo tu, kwaya ikimaliza tunarudisha umeme wetu. Kusema kweli, mimi lile giza nalipenda kuliko mti wenyewe.

Mwaka huu mapafu yalimchoka. Moshi wa dizeli na sigara zake vilisaidiana. Daktari alimrudisha kwangu na mashine ya oksijeni, sanduku lenye magurudumu linalokoroma kama mlevi, na bomba jembamba linaloishia puani. Aliambiwa aivae mchana na usiku. Lakini mimi nashinda hotelini nafua mashuka, na nikirudi, mara ngapi nimemkuta kaizima, kakaa kitini na midomo imebadilika rangi.

"Inakula umeme wa watu," ananiambia.

"Watu gani? Nani kaja kukulalamikia hapa?"

"Dada, ile jenereta naijua mimi. Imezeeka, na mimi nimekuwa mzigo wake."

Ukimjibu anageukia ukutani. Alikuwa amekata tamaa, basi, tuache kupamba maneno. Kila jioni nikipanda ngazi za nyumbani nilikuwa natega sikio kwanza, na nisipousikia ule mkoromo nazimaliza mbio. Niliogopa kwamba siku moja nitachelewa.

Gulio lilipokaribia nikaenda kwa meneja, na aproni yangu ya kufulia hivyo hivyo. Nikamwambia nyumba yangu safari hii haizimwi. Nilikwenda nimejiandaa kugomba, lakini akasema sawa, hilo limeshazungumzwa na Kipara. Kipara ndiye aliyeachiwa jenereta, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyefundishwa kazi na mdogo wangu. Nikarudi nyumbani nimefurahi kweli.

Mdogo wangu aliposikia, uso ulimvimba. "Kipara kakubali? Yule nimemfundisha nini? Mti ukiwaka na nyumba hata moja ikabaki, jenereta itakata. Ikikata ikiwa imechemka haiwaki mpaka ipoe. Watu watakaa gizani na biashara zao kwa ajili ya pua yangu?"

Nikamfuata Kipara kwenye banda la jenereta. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mama, we nenda kafue," akasema. "Ya mitambo niachie mimi."

Kidogo nimzabe kibao. Sikujua kwamba ananificha jambo, na kwamba nusu ya kisiwa ilikuwa inanificha jambo hilo hilo. Mimi sina kifua, kila mtu anajua. Ukiniambia siri asubuhi, mchana unaikuta sokoni.

Siku yenyewe uwanja wa hoteli ulijaa. Mwokaji alipanga keki zake chini ya chandarua, seremala alileta vigoda, watoto wa shule walipaka gundi na unga wa kumetameta mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa na meza ya foronya nilizodarizi kutoka kwenye mashuka ya hoteli yaliyochakaa. Nilitaka kubaki nyumbani, lakini mdogo wangu alinifukuza.

"Nenda. Ukinikalia hapa unanikodolea macho, nitakufa kwa kero kabla ya ugonjwa."

Nikamwacha kitini karibu na dirisha, bomba puani, mashine inakoroma. Kutoka uani dirisha letu linaonekana vizuri, liko chini ya mteremko, ng'ambo ya bustani. Kila nikiuza foronya nilikuwa nalitupia jicho.

Giza lilipoingia kwaya ilinyamaza. Nyumba zikaanza kuzima, kwanza za upande wa gati, kisha mtaa wa shule, kisha zile za juu kwa mwokaji. Mwisho likabaki dirisha moja tu kisiwa kizima, letu. Watu wote waligeuka kulitazama, na seremala akavua kofia. Niliona haya, na nilijivuna pia, vyote kwa mara moja, sikujua mikono niiweke wapi.

Mti ukawaka. Ukawaka kuanzia chini mpaka kiunoni, basi. Kutoka hapo kwenda juu ulikuwa mweusi tititi. Mgeni mmoja akacheka, akasema umeharibika. Nami nikamgeukia Kipara, tayari kumpa yake, maana aibu hiyo ingemfikia aliyemfundisha. Muuza samaki akanishika mkono.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Hakijaharibika kitu. Asubuhi tumepanda ngazi tukafungua balbu za juu. Kipara alikadiria mashine ya mdogo wako inakula kiasi gani, tukatoa balbu za kiasi hicho. Na wewe hukuambiwa, unajua mwenyewe kwa nini."

Machozi yalikuja yenyewe. Nikainua macho nilitazame lile dirisha, na hapo hapo likazima.

Uwanja mzima uliona. Mtu mmoja akasema jenereta imekata, lakini mti ulikuwa bado unawaka mbele yetu. Mimi nilijua. Alikuwa amekaa pale dirishani, kaona mti umeishia katikati, akadhani umeme hautoshi. Akaenda kuzima ili utoshe.

Nilikimbia. Na goti langu hili, na gauni la sikukuu, niliteremka ule mteremko, nikasikia miguu ya watu nyuma yangu. Ngazi sikuzisikia kabisa.

Nilimkuta sakafuni chini ya swichi kubwa, kaegemea ukuta, bomba bado liko puani na halitoi kitu. Nikabonyeza swichi. Taa ikarudi, mashine ikakohoa, ikaanza kukoroma. Nikakaa chini nikamshika kifuani, pumzi yake ilikuwa ndogo, inakwama, inaanza tena. Watu walisimama mlangoni bila kuingia. Kipara naye alikuja, kaiacha jenereta peke yake, kosa ambalo mdogo wangu hajawahi kumsamehe mtu.

Sauti ikamrudia mdogo wangu. Alimtazama Kipara.

"Nimezima," alisema. "Kwa nini mti haukuwaka wote?"

Kipara akapiga magoti. "Hakuna kilichopungua, fundi. Zile za juu tumezifungua sisi, kwa ajili ya mashine yako."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Tumeamua."

Mdogo wangu akawatazama wale wa mlangoni, muuza samaki, seremala, mwokaji ana unga mpaka kwenye viwiko. Nilijua atawafokea. Nikamwahi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kunyamaza, na mimi kunyamaza sikukuzoea.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ukitaka kumhurumia mtu, nihurumie mimi. Nikipanda zile ngazi nikakuta kimya, umeme wote wa dunia utanifaa nini? Wewe ndiye ndugu niliyebaki naye."

Uso wake ulikunjamana, akalia, kilio kisicho na sauti kwa sababu pumzi ya kulilia hakuwa nayo. Mara ya mwisho kumwona analia tulikuwa tunamzika mama. Nilimfuta kwa ncha ya gauni langu, na watu mlangoni wakaangalia chini.

Alipotulia, Kipara alisimama, akawa anazungusha kofia yake mikononi.

"Kesho tunauwasha tena," alisema taratibu. "Nifanyeje, fundi? Nizirudishe zile balbu?"

Wote tulielewa kinachoulizwa. Mimi mkono wangu ulikuwa begani kwake na nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, sala isiyo na mpangilio wowote.

Bomba lilikuwa limeteleza shavuni. Alilitafuta kwa vidole, na niliponyanyua mkono kumsaidia akanisukuma. Akaliweka puani mwenyewe, akalipitisha nyuma ya sikio moja, kisha la pili, akalivuta likakaa sawa.

"Ziache," akamwambia. "Umeme huo bado nautumia."