Alama Kwenye Shavu la Rukiyo

Uso wangu uliharibiwa na ngamia. Nasema mapema ili usikae ukijiuliza. Nilikuwa mtoto, dume wa baba alikuwa amepandwa na wazimu wa msimu wake wa majike, nami nikapita karibu mno. Akanidaka shavu la kulia. Kidonda kilipofunga kiliivuta pembe ya mdomo juu, na huko huko ikabaki. Meno ya upande ule yako nje mchana kutwa yakila vumbi. Ukiniona kwa mbali utadhani nacheka.

Hilo ndilo lililonitesa, si ubaya wa sura. Wenye sura mbaya wako tele hapa Garissa na wanaolewa kama kawaida. Lakini baba alipofariki, shangazi zangu walinitoa msibani mbele za watu, eti nawachekea. Nikaenda kulia nyuma ya zizi la mbuzi, na nadhani hata mbuzi hawakunisadiki.

Basi mwaka ule, baada ya vita vya Wataliani, akaja daktari mgeni kwa ndege. Habari zake nilizipata kwenye kambi ya polisi, ambako nilikuwa nikiuza maziwa. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, lugha ambayo mama yangu hakuijua hata ya kuombea maji. Askari walisema daktari huyo alishona nyuso za wanajeshi walioungua vitani. Angekaa siku chache tu, kisha arudi kwao Ulaya moja kwa moja. Kesho yake nilifika hospitali kabla ya mfagiaji.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole baridi. Alinigeuza uso huku na huku, akabonyeza ngozi iliyo mbele ya sikio, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu.

"Hii ngozi mzuri," alisema. "Mimi nakata hapa, nageuza, nafunga mdomo. Wewe kuja Alhamisi."

Akachukua dawa ya zambarau na kijiti, akachora mstari kutoka sikioni hadi katikati ya shavu. Akaniambia nisiufute. Kisha akachungulia mdomoni, akagonga jino moja jeusi la nyuma.

"Hii nauma?"

"Haliumi," nikasema.

Liliuma, wallahi. Lilikuwa likiuma tangu mwezi uandame. Lakini ningesema nini?

"Vizuri. Kama nafura, kama iko joto, mimi hapana kata. Uso iko na usaha, ngozi nakufa."

Nilirudi nyumbani nimejifunika shuka mpaka machoni ili mstari wangu usipigwe jua. Mama aliniuliza ile rangi ni ya nini. Nikamwambia daktari ametia alama mahali atakapofanyia kazi. Akaitazama, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Siku ya Jumatano jino likanigeuka. Asubuhi taya lilikuwa gumu, adhuhuri limekuwa kama nimebugia yai, na mwili unachemka. Nilijifunga kitambaa, nikakifungua, nikajifunga tena. Nikasukutua chumvi. Nikamwomba Mungu, tena si kwa adabu. Niliomba kama mtu anayegombana na mwenye duka. Nilimkumbusha zizi lile la mbuzi. Siku moja tu, nilimwambia, nizuilie huu uvimbe siku moja.

Sasa, mama yangu Sirad alikuwa mjuzi wa moto. Watu walitoka hata Balambala kuja kuchomwa naye: mwenye ini, mwenye mgongo, mwenye jino. Kazi yake aliifanya kwa utaratibu. Kwanza anapapasa mpaka aupate mzizi wa maradhi, kisha anatia hapo alama ya mkaa, halafu anachoma juu ya alama kwa kijiti chenye ncha nyekundu. Nimewaona kwa macho yangu waliobebwa kuja kwake na wakaondoka kwa miguu yao.

"Hooyo, mama yangu, nichome," nilimwambia mwenyewe. "Chini ya taya. Uvimbe ushuke kabla ya kesho."

Nikalaza kichwa mapajani mwake, akanifunika macho kwa kitambaa. Homa ilikuwa imenichukua, sauti yake naisikia kwa mbali.

"Huyu Mzungu ana akili," alikuwa akisema. "Wala sina haja ya mkaa. Ameuona mzizi wa jino, akautia alama yeye mwenyewe."

Maneno yalipita juu yangu. Nilipoyaelewa, nilikuwa nimeshasikia harufu ya nyama yangu karibu na sikio. Alikuwa ameufuata ule mstari wote, polepole, kwa mkono usiotetemeka, mwanzo hadi mwisho.

Nilimsukuma akaanguka. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani pana nyoka.

"Hiyo ndiyo ngozi ya mdomo wangu! Ndiyo aliyotaka kuikata!"

"Si alama ya dawa?" akauliza.

Nilimjibu maneno ambayo mtoto hamwambii mamaye. Alibaki ameketi mchangani na kijiti chake, kinatoa moshi, akitazama shavu langu.

Alhamisi tulikwenda wote wawili, hatusemezani. Daktari aliondoa kitambaa, akaufuata ule mstari kwa kidole bila kuugusa. Afadhali angenigombeza. Alilishika jino kwa koleo akaling'oa, usaha ukamiminika nusu bakuli, na maumivu yakaniacha palepale. Nikayachukia kwa kuniacha.

"Kata upande wa pili," nikamwambia.

"Ile ngozi hapana fika mdomo hii."

"Paja, basi. Mgongo."

"Ile kazi ya miezi mingi, Nairobi. Mimi nakwenda leo." Alisema taratibu, macho chini. "Pole sana."

Nilipogeuka, mama yangu alikuwa amepanda kwenye kiti cha wagonjwa. Amevua shuka kichwani mbele ya mwanamume asiye wake, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani, na amegeuza shavu lake kwenye mwanga. Lilikuwa zuri, laini kwa umri wake.

"Mwambie achukue hili," alisema. "Mwambie mimi nazijua kazi za kuuma. Sitapiga kelele."

Nikamwambia daktari. Akaniambia ngozi ya mtu haishiki kwa mwingine, inaoza. Akaanza kupanga vyuma vyake sandukuni.

"Amesemaje?" mama aliuliza. Hakushuka. Alikikamata kiti kwa mikono miwili. "Rukiyo, amesemaje? Ni moto wangu?"

Hasira ilikuwa bado imenijaa. Nilitaka ajue. Nilimtazama usoni nikitafuta pa kuanzia.

"Anasema si moto," nikasema. "Anasema jino lilikuwa limeshaiozesha ngozi yote kwa ndani. Hata usingenichoma, asingenikata."

"Apa."

"Wallahi, Hooyo."

Akashusha pumzi, akajifunika shuka, akashuka. Alisimama mbele ya daktari, akainua viganja, akasema naye kwa Kisomali kwa muda mrefu, machozi yakimtoka. Daktari aliacha kupanga vyuma.

"Mama nasema nini?" akaniuliza.

"Anakuombea dua," nikasema. "Anaiombea mikono yako."