Robo Nne kwa Siku

Spana yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kidole changu cha shahada, lakini mkwe wangu Abeer alipoishika mara ya kwanza ilimponyoka ikaangukia chini ya kitanda. Juu ya kitanda alilala binti yake, mjukuu wangu Lamya, muundi wake wa kulia umezungukwa na pete za chuma, misumari imepenya nyama hadi mfupani. Daktari alikuwa ameukata mfupa ule makusudi, ili uvutwe kidogo kidogo na mfupa mpya ujaze pengo: robo ya mzunguko wa nati kwa spana, mara nne kwa siku, jumla milimita moja. Mguu ule ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita tano. Tangu aanze kutembea, mtoto alivaa kiatu chenye soli nene kama tofali, na sasa ana miaka kumi na miwili na wenzake shuleni hapa mjini Ibra wanamcheka.

"Siwezi, mama," Abeer alisema.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," nikamjibu, nikainama kuiokota spana. Siku ile nilijiona mwanamke wa shoka.

Robo zile tulizifuatanisha na sala, tusije tukasahau: alfajiri, adhuhuri, alasiri na magharibi. Nikishatoa salamu nazungusha, kisha natia alama kwenye karatasi ya hospitali. Wiki mbili nilikwenda sawasawa. Halafu mguu ukaanza kuvimba na kukaza, na Lamya akaanza kunibembeleza.

"Bibi, ya alasiri iwache. Leo tu. Wallahi sitokuomba tena."

Kesho yake aliomba tena. Nikaiacha ya alasiri, baadaye na ya adhuhuri, na kila niliyoiacha niliitilia alama yake vilevile, nimekaa juu ya msala, udhu haujanitoka. Nilijiambia mfupa una Mwenyewe, utakua kwa wakati wake. Mchana Lamya alikuwa akilaza kichwa mapajani mwangu, nami namsuka nywele huku akinisimulia mambo ya shule. Katika uzee wangu hakuna aliyenipenda kama alivyonipenda mtoto yule siku zile, na sitasema uongo, nilikuwa na furaha.

Tulipokwenda hospitali kupigwa picha ya mguu, daktari alitugeuzia kompyuta tuone. Mfupa ulikuwa umeshikana kabla ya wakati, sentimita mbili tu zimepatikana. Spana haiwezi tena kuusogeza, alisema. Lazima ukatwe upya.

"Mlizungusha zote?" aliuliza, karatasi yangu mkononi.

"Zote," Lamya alidakia kabla sijafungua kinywa. "Bibi hajawacha hata moja."

Daktari aliipitia karatasi mstari kwa mstari. Hapakuwa na pengo hata moja. "Basi tatizo litakuwa kwenye chuma," alisema, akachukua kalamu aandike.

Ningeweza kunyamaza. Nilimtazama mtoto, akanikazia macho ninyamaze, na hapo nikaona nilichokuwa nikimfundisha michana yote ile.

"Chuma kizima," nikasema. "Mimi ndiye niliyeacha. Na alama ni zangu."

Abeer alikuwa na haki ya kunirudishia methali yangu. Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena.

Lamya alipasuliwa mara ya pili. Siku ya kuanza tena kuzungusha, niliingia chumbani kwake baada ya alfajiri, spana mkononi, Abeer amesimama mlangoni. Nilikuwa nimejikaza nisilegezwe na kubembeleza kwa Lamya, maneno ya kumkatalia nimeshayapanga.

Hakuomba. Alijiinua akakaa, akanyoosha mkono.

"Nipe, bibi."

Akazungusha mwenyewe, midomo ameibana, jasho limemtoka juu ya mdomo. Akatia alama kwenye karatasi.

"Khalas," alisema.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamsogezea mapaja. "Lia, mwanangu. Hapana ubaya."

"Hauniumi," alisema, akavuta shuka, akageuza uso ukutani.